Kuboeka Bure

"Dada, kumbe siku hizi kuboeka kunagawiwa bure?"

Aliyeuliza alikuwa amevaa wigi la buluu, upanga wa plastiki begani. Mwenzake alicheka hadi kope zake za bandia zikabanduka. Nikageuza bango langu nikalisoma. Kwa Kichina chetu, neno la zawadi ya bure na neno la kuboeka hutamkwa karibu sawa, ila huandikwa tofauti. Mimi, msomi wa bweni, nilikuwa nimeandika la pili.

"Chukueni tu, jamani," nikasema kwa heshima zote. "Ninako kwingi."

Wakacheka, wakapita. Vijitabu vyangu arobaini vikabaki arobaini.

Hiyo ilikuwa mwaka jana, Hangzhou, kwenye tamasha la mashabiki wa katuni, ambako watu huja wamevaa kama wahusika na kuleta hadithi walizojichapia. Meza yangu ilikuwa na viti viwili. Cha pili kilikuwa cha Shu Miao, rafiki yangu wa bweni la shule.

Bwenini mimi nilitunga, yeye alichora. Maandishi yangu aliyasahihisha kwa kalamu ya kijani, akinung'unika: "We Qiu, hata mbuzi angeandika vizuri kuliko wewe."

Kisha mwezi wa tatu nikachukua mchoro wake wa matroni mwenye mkia wa panya, nikaubandika kwenye mlango wa bwalo. Ulikuwa mzaha. Bweni zima lilicheka. Miao hakunitaja. Aliadhibiwa peke yake, na wazazi wake wakamhamisha shule. Nilimwandikia jumbe kumi na saba za kuomba radhi. Hakujibu hata moja. Ya kumi na nane ilikuwa na namba ya meza tu.

Kijitabu nilikichapa hivyo hivyo, kurasa zikiwa tupu pale ambapo michoro yake ingekaa.

Saa nane nikaenda msalani. Foleni ilikuwa ndefu kama hotuba ya mwalimu mkuu. Niliporudi, vijitabu vilikuwa thelathini na tisa. Kwenye bango, neno langu lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja, na juu yake limeandikwa lililo sahihi. Kwa wino wa kijani.

Nikapanda juu ya kiti chake nikatazama umati: mawigi, mabawa, mapanga, maelfu ya watu. Hakuna aliyegeuka.

Nikashuka. Nikageuza bango upande wa pili, nikaandika kosa lile lile, safari hii kubwa zaidi, lionekane hata kutoka mlangoni.

Kisha nikakaa kungoja.