Mstari Ukae Ndani

Emlyn alikuwa na sheria mbili zisizo na mjadala, na zote zilihusu kukunja shaba. Ya kwanza: mstari ukae ndani. Ya pili: ukishakunja, usikunjue. Mengine, ya kanisa na ya chama cha wachimba makaa, mngeweza kukaa mkayazungumza.

Shaba yenyewe ni bamba jembamba kama wembe, lililoliwa na asidi mpaka vikabaki vipande vya breki na ngazi za behewa la makaa la mfano, linaloenea kiganjani. Pale pa kukunja, asidi imekula nusu ya unene, ikaacha mfereji. Huo ndio mstari. Ukibaki ndani, pembe inakaa sawasawa. Ukibaki nje, pembe inaachama. Ukikunjua ili urekebishe, kipande kinakatika, na kilio ni chako. Pale kwenye klabu yao ya waunda treni za mfano, chumba cha nyuma cha kanisa, hata mgeni wa juzi anajua hilo kabla hajazoea chai yao mbaya.

Daktari alipomwambia kwamba akili yake imeanza kuchakaa, Emlyn alirudi nyumbani, akavua kofia, akawakalisha mkewe Glenys na binti yao Nerys jikoni.

"Majina yenu nitayasahau, mnisamehe mapema," alisema. "Lakini siku nitakayokunja mstari nje, nipelekeni kule kwenye nyumba ya wazee. Msinibembeleze, wala msinifiche."

"Na tumbo hilo, tukufiche wapi?" Glenys akamjibu.

Wakacheka wote. "Niahidi, Glen." Akaahidi. Mtu huahidi chochote akidhani siku yenyewe iko mbali.

Basi ugonjwa ukaja kama walivyoambiwa. Emlyn akasahau njia ya kanisani, akasahau suruali, akawa anamwita Nerys kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekwisha kufa. Ila akikaa kwenye meza ya dirishani baada ya chakula cha mchana, vidole vilijua kazi yake. Nerys alikuja kutoka Cardiff kila Jumapili, na kila Jumapili wimbo ulikuwa ule ule.

"Mama, umekonda. Kule nafasi ipo."

Glenys hakubishana. Alimsogezea behewa jipya. "Tazama breki hizo. Huyu ndiye mtu wa kupelekwa?"

Nerys aligeuza behewa, akageuza tena, akalirudisha mezani. Basi Glenys akapata wiki nyingine ya kulala na mume wake, na kwake hiyo ilitosha.

Halafu Jumamosi moja Emlyn akakunja kipande, akakikunjua, akakikunja tena. Kikakatika. "Shaba mbovu hii," alisema. Cha pili kikakatika, na cha tatu. Akavipiga teke vyote, akalia kwa hasira, akalala kwenye kiti mdomo wazi.

Glenys aliviokota akavitupa. Kesho yake ni Jumapili. Akaketi, akachukua koleo, akaanza kukunja mwenyewe.

Sasa jamani, mtamlaumu nani? Mwanamke huyu alifanya kazi kwenye kiwanda cha maboksi tangu usichana mpaka kilipofungwa. Alikunja karatasi ngumu huku akipiga soga, bila kuangalia. Na boksi hukunjwa mfereji ukiwa nje, ukifanya kinyume chake karatasi inapasuka. Mazoea yana taabu. Alikunja, akalehemu, akaungua kidole gumba, akapaka rangi nyeusi juu, na moyoni akajisifu kidogo.

Nerys alipolishika behewa macho yakamjaa machozi. "Bado yumo," alisema. Glenys akaenda kukoroga chai isiyohitaji kukorogwa. Jumapili iliyofuata hivyo hivyo, na ile ya baada yake.

Alhamisi moja mchana, Glenys akimenya viazi, akili ya Emlyn ilirudi kama ilivyozoea kurudi, bila hodi. Alichukua behewa moja, akalipindua chini ya lenzi. Akalitazama kwa muda mrefu sana.

"Glen. Nani amekunja hii?"

Angesema kweli hapo, angelazimika kusema na ya vile vilivyokatika. Akachagua uongo uliokuwa karibu na mkono. "Nani tena? Wewe mwenyewe, mzee wangu."

"Mimi?"

"Wewe. Umesahau tu."

Emlyn akapitisha ukucha kwenye pembe. Akachukua behewa la pili, kisha la tatu. Glenys aliwahi kumwona akitolewa chini ya mgodi uliobomoka, mguu umevunjika, anatania. Hakuwahi kumwona na uso huu.

"Mstari uko nje," alisema. "Yote. Basi nimekwisha."

Ndipo Glenys akautazama ule ukucha na mahali ulipokuwa, akaelewa alichofanya. Kisu kikamtoka mkononi.

"Sikiliza, Emlyn. Nimekudanganya. Ni mimi niliyekunja. Kiwandani tulikunja hivyo, mfereji nje, sikufikiri."

Emlyn alimtazama kwa huruma. "Glen wangu. Miaka yote hii, hujajua kudanganya."

"Ni kweli tupu! Tazama." Alinyakua kipande kwenye bamba, akakikunja mbele yake. Mstari nje, pembe imeachama. Akakiweka mezani. "Umeona? Ni mkono wangu."

Emlyn akakigeuza kwa kidole, taratibu. "Umejifunza kwa kunitazama mimi," alisema. "Umekaa hapa peke yako ukinitazama nikikosea, na hukusema neno."

Glenys alitaka kumwambia akunje kimoja yeye mwenyewe, hapo hapo, ajionee. Akakumbuka vile vilivyokatika. Akafunga mdomo, na kule kunyamaza Emlyn akakupokea kuwa ndilo jibu.

"Mpigie Nerys."

"Kesho, mzee wangu. Kula kwanza."

"Kesho sitakuwa najua kwa nini." Akasimama, akamshika mkewe kiwiko kwa upole, akamsindikiza hadi kwenye simu. "Usingoje nisahau, Glen. Uliniahidi."

Alibaki amemshika hivyo mpaka Nerys akapokea.