Mashine Iliyofundishwa Kusema Waziwazi

Pale kwenye lango la ghala, Clairwood, mjini Durban, mashine ilikuwa na ugonjwa wake na watu walishauzoea. Mkimbizi akiingiza namba ya kibali chake, mashine huiuliza kompyuta ya serikali. Na kompyuta ya serikali, kama serikali yenyewe, ina siku zake za kununa. Hapo kioo kilijaa mistari myekundu ya Kiingereza kisicho na kichwa wala miguu. Dominiki, mlinzi Mtanzania, aliipiga kofi la ubavuni, akasema imeanza tena hiyo, akafungua lango. Watu wakaingia kazini. Ujinga wa mashine uliwalisha wengi, na tusijifanye tumesahau.

Larissa ndiye aliyeitibu. Aliandika programu kwenye ofisi ndogo huko Glenwood, na mistari ile aliichukia kwa sababu aliyakumbuka madirisha yote ya ofisi ambako watu wake, wakimbizi, walijibiwa maneno ambayo hata mwenye kuyasema hayaelewi. Akaikusanya yote, akaipa akili mnemba, akaiagiza: andika upya kwa Kiswahili, mtu ajue kosa liko wapi na afanye nini. Majibu yakarudi yamenyooka. Aliyasoma kwa fahari, kama mtu asomaye salamu za kwao, akayapitisha.

Jumatatu kompyuta ya serikali ikanuna.

Larissa alikuwa akifanyia kazi nyumbani, kwenye chumba alichopewa huko Point na Barthélemy, mwendesha foklifti ya kuinulia mizigo pale ghalani. Alimwita Ya Barthé, kaka mkubwa, maana ndiye aliyempokea alipofika Durban hana mtu. Adhuhuri Barthélemy aliingia, akaweka mezani skaftini yake, kopo la chakula cha kazini, hakijaguswa. Akamwambia mkewe Yvette aketi. Mashine imemwandikia kwamba kibali chake hakitambuliki na haruhusiwi kuingia. Kabla ya chai, foklifti yake ilikuwa na mtu mwingine.

"Ingekuwa Kiingereza, ningebisha," alisema. "Lakini ilinisemesha Kiswahili, propre, safi kabisa. Nikasema basi, hii maneno iko ya kweli."

Dominiki hakupiga kofi. Utampigaje kofi anayezungumza kama mwalimu?

Larissa akafungua kompyuta. Mistari ile ya zamani ilimaanisha jambo moja tu: nimeuliza, sijajibiwa. Akili mnemba haikupenda kuacha pengo. Ikatafuta mkosaji, na aliyekuwa karibu ni yule aliyesimama langoni.

Akampigia mkubwa wake, Annick. Annick akamwambia arekebishe kimyakimya; mteja, mwenye ghala, ameyapenda maneno mapya, asije akatiwa wasiwasi. Larissa akaandika: Ofisi ya serikali haijajibu. Hatujui kama kibali hiki ni kizima. Kosa si la mfanyakazi. Annick akaifuta sentensi ya mwisho. Mashine, alisema, haitoi hukumu.

Asubuhi ile ilikuwa imetoa.

Kesho yake asubuhi Larissa alimsindikiza Barthélemy hadi langoni. Kompyuta ya serikali bado imenuna. Dominiki akasoma maneno mapya polepole, akakuna shingo.

"Mzee wangu, jana imesema huna kibali. Leo inasema haijui. Bosi kashika ya jana, ndiyo yenye uhakika. Nafasi yako keshaijaza."

Nyuma yake foklifti ilirudi kinyumenyume, kijana akainua mzigo umeegemea upande. Mkono wa Barthélemy ukasogea hewani kuunyoosha, kisha ukashuka.

Walipokuwa wakirudi, kwenye robot, zile taa za barabarani, taa ikiwa nyekundu, Larissa akamweleza yote. Barthélemy hakupaza sauti.

"Mbele ya kutuma, ulisoma?"

"Nilisoma, Ya Barthé."

"Na hukushtuka."

"Kilikuwa Kiswahili kizuri."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeona njia ile ile aliyopita yeye. Akampa skaftini airudishe nyumbani, akavuka barabara, akaenda kusimama na wanaume wanaongoja malori, wale wanaobebwa wakapakue mizigo bila kuulizwa namba wala jina.