Mstari wa Mkaa Juu ya Mfereji

Kila asubuhi, kahawa ikishachujwa, mzee Bảy alifunga kifungo cha juu cha shati lake, akapapasa ukuta wa nyumba, kisha ua, kisha shina la mnazi, mpaka akafika kwenye kipande cha daraja. Kilikuwa kipande tu: zege lenye upana wa kitanda, lililotoka ukingoni mwa mfereji na kukatika hewani. Ng'ambo kulikuwa na kipande kingine kama hicho, na kati yao hapakuwa na kitu. Daraja la zamani, shina moja la mwanzi na ufito wa kushikia, liliondolewa na wajenzi ili kupisha hili jipya, na baadaye wajenzi nao wakaondoka. Waliacha bango lenye picha ya daraja lililokamilika na msichana akilivuka kwa baiskeli. Jua lilikuwa limempausha msichana yule mpaka hana uso.

"Dada Tư!" aliita Bảy. "Umekula?"

Ng'ambo, dada yake alikuwa ameketi kwenye kitanda cha mianzi mlangoni pake. "Nimekula! Wewe je?"

"Nimekula!"

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote, maana mengine hayafai kupigiwa kelele. Mitumbwi haikupita tena tangu lango la kuzuia maji ya chumvi lifungwe kule mtoni. Magugu maji yalikuwa yamejaa mfereji mzima, na chini yake kulikuwa na tope lililokwisha kumeza bata kadhaa na pikipiki moja. Njia ya kuzunguka ilikuwapo, lakini ilipitia daraja jingine lenye bango kama hili.

Tư ndiye aliyemlea Bảy mama yao alipofariki. Alikuwa akimtafunia wali kwanza mdomoni mwake, kisha anamlisha. Walipokuwa wakicheza uani na watoto wa jirani, yeye ndiye aliyekuwa akiuliza kila mara, "Zamu ya nani?" ili mdogo wake asidhulumiwe.

Mwaka wa nane tangu wajenzi waondoke, sauti ya Tư ilianza kupungua. Kwanza ilipotea ile "wewe je." Kisha, asubuhi moja mwaka mpya ukiwa umekaribia, Bảy aliita na hakusikia chochote. Aliona mdomo wa dada yake ukifunguka na kufungwa, na mkono ukipunga.

"Anasema amekula," alisema Bibi Út nyuma yake.

Bibi Út alikuwa jirani, mjane, muuza wali wa kunata uliofungwa kwenye majani ya mgomba.

"Umejuaje?"

"Nimetoka kwake sasa hivi. Nimempelekea wali."

Bảy aliitazama miguu ya Bibi Út. Ilikuwa mikavu. Alijua amepita wapi, kama kijiji kizima kilivyojua. Wajukuu wa Bibi Út walipochukuliwa na wazazi wao kwenda kwenye miji ya viwanda, yeye alibaki na kipande chao cha mkaa, akawa anachora vyumba vya mchezo wao juu ya zege na kuviruka peke yake kwa mguu mmoja, ili kuyanyoosha magoti. Baada ya miezi michache mstari wa katikati ulinyanyuka kidole kimoja kutoka chini. Ulipofika magotini, kuku walizoea kupita chini yake. Ulipofika kiunoni, aliurefusha mpaka ng'ambo, akawa anauvuka kwenda kuchuma mchicha.

Bảy aliona ni jambo lisilomfaa mtu kama yeye, aliyewahi kusimamia kinu cha mpunga. Tena tangu msimu wa mvua uliopita, alipoteleza kwenye vigae vya sakafu ya nyumba yake mwenyewe na kulala chali nusu siku akitazama dari, hakuamini kitu chochote kisichoshikamana na ardhi.

"Nifundishe," alisema.

"Vua viatu kwanza, kaka Bảy. Na hicho kifungo cha shingoni, utajinyonga."

Alivua viatu. Kifungo alikiacha.

Alijifunza kama alivyojifunza kila kitu maishani, kwa bidii. Aliruka asubuhi na jioni, taya zimekazwa, mkono mmoja kwenye nguzo ya bango. Bibi Út aliposema ainue goti, aliliinua. Mkaa ulibaki umelala kwenye zege kama mkaa.

"Unaruka kama unakagua gwaride," alisema Bibi Út.

"Naruka sawasawa."

"Sawasawa kabisa. Hata mstari umekupigia saluti, umelala chali."

"Út, mimi sina muda wa masihara. Dada yangu sauti imekwisha."

Bibi Út aliacha kutafuna tambuu. "Najua, kaka. Ndiyo maana nakwambia. Huu hauinuki kwa anayetaka kufika. Unainuka kwa anayecheza. Na mimi sikuutunga, usinikodolee macho."

Wiki ya tatu, Bảy alirusha kigae chake cha kuchezea kwenye chumba cha mwisho. Bata wa Bibi Út alikuwa amesimama pale. Akakidaka kigae, akakimeza nusu, akaona hakifai, akaondoka nacho mdomoni kuelekea jikoni.

"Mwizi!" alipiga kelele Bảy, na akamfukuza kwa mguu mmoja, kwa kuwa alikuwa amesahau kuuteremsha wa pili. Alipita chumba cha tatu, cha nne, akazunguka nguzo bila kuigusa. Bata akageuka, akamtazama, akakitema kigae kwenye ndoo ya mchele uliolowekwa. Bibi Út alicheka mpaka tambuu likamtoka. Bảy naye alicheka, kicheko cha kukohoa, cha mtu ambaye hakukitumia siku nyingi. Alipotazama chini, alikuwa juu ya zege kwa urefu wa kidole.

"Usitazame," alisema Bibi Út. "Zamu yako haijaisha."

Mwaka mpya ulipoingia, mstari ulikuwa ukimwinua hadi urefu wa kiuno. Asubuhi ya siku ya nne alifungua kifungo cha shingoni, akatia mfukoni maandazi mawili ya mchele, akavuka. Mstari ulibonyea kidogo katikati, kama kamba ya nguo. Chini yake magugu maji yalikuwa yametoa maua.

Tư alimpapasa vifundo vya miguu kabla ya uso. "Umekomaa," alinong'ona. "Mara ya mwisho ulikuwa unatembea kama kaa."

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

Walikaa mpaka jioni. Bảy alimwambia mambo yote ambayo hayakufaa kupigiwa kelele, na mengine yalikuwa ya miaka minane.

Wazee wengine walikuja kujifunza, na mmoja aliyekuwa hawezi kuinuka kitini bila kusukumwa akawa anavuka na kikapu kichwani. Habari zikafika kwa ofisa wa ujenzi wa wilaya, akaja na viatu vyeusi vilivyong'arishwa. Alisimama chini ya bango akamtazama Bảy akivuka kwa mguu mmoja kwenda, na kwa mwingine kurudi.

"Mstari huu unabeba watu wangapi, babu?"

"Mmoja mmoja. Ambaye anacheza."

"Na matengenezo?"

"Mkaa."

Ofisa alifurahi sana. Alimshika Bảy mkono, akawasifu wazee kwa kujitegemea, akanunua wali wa Bibi Út. Kabla ya mwezi kwisha, watu wake walikuja wakang'oa bango, wakalipeleka kwenye kijiji ambacho hakikuwa na mstari.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Tư alianza kupumua kwa shida. Bảy alikuwa kwake. Alivuka akamwita muuguzi wa zahanati, binti aitwaye Diễm, kisha akarudi kumwinua dada yake na kumwegemeza mlangoni. Diễm alifika kwa pikipiki, mkoba wa dawa begani, akasimama mwisho wa zege. Alitazama mstari. Hakushangaa, ila hakuwa amecheza tangu alipoanza shule.

"Babu! Nipite wapi?"

"Vua viatu, binti!" aliita Bảy kutoka ng'ambo. "Anza na chumba cha kwanza!"

"Nitachelewa!"

"Usipocheza hutafika kabisa!"

Bibi Út alimpokea pikipiki, akampa kigae. Diễm alikirusha, akaruka, akayumba, mkoba ukamvuta upande. Akaanza upya. Mkaa ulikuwa umelala kwenye zege. Bibi Út alimleta bata.

Tư alishika mkono wa mdogo wake. Macho yake hayakuona mbali tena, lakini alisikia nyayo zikidunda kwenye zege.

"Zamu ya nani?" alinong'ona.

"Ya muuguzi, dada. Tumsubiri."