Uchakavu wa Kawaida

Hakuna anayezijua baiskeli kama mimi. Nikisikia mlio wa mnyororo tu, nakwambia imetoka mtaa gani na kama mwenyewe amekula au hajala. Ni kweli nimepanda mara moja tu maishani, ikanipeleka moja kwa moja kwenye banda la kuku la jirani, na wale kuku mpaka wanachinjwa hawakunisamehe. Lakini kujua si lazima kupanda. Wakunga wa kiume nao wapo, na watoto wanazaliwa.

Basi baiskeli ya habari hii ilikuwa namba arobaini na saba, na aliyekuwa akiikokota asubuhi ile badala ya kuipanda ni msoma mita mmoja wa ofisi ya maji. Wenzake walimwita Mshale, kwa mbio zake. Alikuwa anamaliza mitaa minne wakati wenzake bado wanahangaika na wa pili, na akipenda kujigamba kwamba mshale ukishatoka haugeuki nyuma kuuliza umempata nani. Kuna maneno mtu huyasema kwa mzaha, nayo yakaenda kukaa pembeni yakamsubiri.

Siku hiyo ilikuwa yake ya mwisho kazini. Jumatatu alitakiwa hospitali kuu, awe dereva wa gari la wagonjwa. Aliyemsemea kazi hiyo ni mjomba wa mkewe, mtu asiyependa kuaibishwa, na saa hiyo mjomba alikuwa nje ya geti, ndani ya gari lake, kidole kiko karibu na honi. Kilichobaki ni karatasi moja: fomu ya kuondoka kazini, yenye muhuri wa stoo kwamba baiskeli imerudi salama. Hospitali walisema iwafikie kabla ya saa sita. Isipofika, kuna wengine kumi wanaoitaka hiyo kazi. Nyumbani mkewe, tumbo liko mwezi wa nane, alikuwa ameshapiga pasi shati la Jumatatu na kulitundika mlangoni, kila anayepita alione.

Zile baiskeli hazikuwa za ofisi. Ofisi ilizikodi kwa mwenye nazo, kisha kila msoma mita akakodishwa yake kupitia kazi. Ukiacha kazi, unairudisha kama ulivyoichukua. Na fomu ilikuwa na visanduku viwili tu: "uchakavu wa kawaida" na "uharibifu". Tiki ikikaa cha kwanza, unapigiwa muhuri, unakwenda zako. Ikikaa cha pili, unaulizwa ilikuwa wapi, ilikuwa lini, na nani alikuwepo.

Mshale hakutaka kabisa kuulizwa nani alikuwepo.

Maana mwezi mmoja nyuma, mchana kweupe, alikuwa anamaliza kusoma mita za uchochoro wa maseremala. Nyumba ya mwisho ni ya mama mmoja anayeishi peke yake, mshona mashuka. Hakumkuta, lakini mita yake iko nje, ukutani. Akachuchumaa, akasoma, akaandika: mia sita kumi na nane. Akarukia baiskeli. Pale kwenye kona, mbao zimepangwa mpaka huoni mbele, akakutana naye uso kwa uso, anarudi nyumbani na furushi la mashuka kichwani. Hakupiga kengele wala hakushika breki. Ulisikika mshindo kama wa gunia la mchanga linalotupwa chini, basi.

Mshale aliinuka. Yule mama hakuinuka. Shuka moja lilikuwa limefunguka lenyewe, likamfunika miguu, kama kuna mtu amemtandikia. Mshale akatazama kulia, akatazama kushoto. Misumeno ya maseremala ilikuwa inanguruma, hakuna aliyetoka. Akaikamata baiskeli, gurudumu linapepesuka kama mlevi, akaondoka.

Tangu siku hiyo hakumuuliza mtu kama yule mama yupo au hayupo. Aliogopa majibu yote mawili. Gurudumu akalipeleka kwa fundi wa mtaa wa mbali, likanyooshwanyooshwa. Na ule uchochoro hakuukanyaga tena. Wiki iliyopita, zamu ya kuusoma ilipofika, alikaa kwenye kivuli cha ukuta wa shule akaandika namba za kichwani: ya mwezi uliopita, jumlisha ile kawaida ya kila nyumba. Yule mama hutumia uniti nne kila mwezi, hazipungui hazizidi. Mia sita kumi na nane, jumlisha nne: mia sita ishirini na mbili. Nani atajua? Mita haina mdomo.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, ila hawakutuachia kipimo chake. Mimi nitawasaidia: kutoka mlango wa stoo mpaka meza ya mtunza stoo ni hatua kumi na moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Iegemeze hapo. Taratibu, imechoka kuliko wewe."

Mtunza stoo walimwita Mzee Chaki. Alikuwa mtu mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, na mfukoni hakukosa kipande cha chaki. Stoo yake ilikuwa ndefu na ya baridi, inanuka grisi na kutu, mabomba yamelala kwenye mashubaka kama maiti waliokosa ndugu. Juu ya meza palikuwa na daftari kubwa, muhuri, kidau cha wino, na kitu fulani cha mviringo kimefunikwa kitambaa. Mshale alikitazama mara moja, akadhani ni chakula cha mzee.

"Kumbe unatukimbia," Mzee Chaki alisema. "Nasikia utaendesha gari la wagonjwa."

"Riziki tu, mzee wangu."

"Kazi nzuri. Kuokota watu walioanguka." Akacheka kidogo, peke yake. "Wengine wanawaangusha, wengine wanawaokota. Dunia inataka wote."

Nje honi ikalia mara moja, fupi.

"Ni mjomba," alisema. "Ana haraka kidogo. Kama inawezekana, mzee, unipigie huo muhuri..."

"Mwambie mjomba gurudumu halina haraka. Linazunguka lakini liko palepale."

Akaipindua baiskeli juu chini, tandiko na usukani vikagusa sakafu. Akatoa chaki, akaishika karibu kabisa na ukingo wa gurudumu la mbele, mkono umetulia kama umepigwa msumari, akalizungusha. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake, na jina lake lilitoka hapo. Gurudumu zima hupita bila kuigusa chaki. Lililopinda hujigusa lenyewe, pale palipopinda.

Tss. Kimya. Tss. Kimya. Tss.

Likasimama. Kwenye ukingo mweusi palikuwa na mchirizi mweupe, urefu wa kidole.

"Limenyooshwa," Mzee Chaki alisema. "Na aliyelinyoosha si fundi, ni mpiga ngoma. Uligonga nini?"

"Nguzo ya geti, mzee. Nyumbani. Mwezi uliopita. Nilikuwa naingia, mke wangu akaniita, nikageuza shingo."

"Wake zetu hawa." Akatikisa kichwa. "Na nguzo ikasemaje?"

"Nguzo?"

"Haikulia?"

Mshale akalazimisha kicheko. Kilitoka kama kikohozi. "Nguzo hailii, mzee."

"Kweli. Nguzo hailii."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Kisha akachukua msumari, akainama kwenye kitovu cha gurudumu, mahali ambapo grisi hukusanya taka zote za dunia. Akachokonoa polepole. Ukatoka uzi. Akauvuta, ukaendelea kutoka, mrefu, grisi ikibaki nyuma, mwisho wake ukiwa mweupe. Uzi wa kupindia nguo. Akaulaza juu ya daftari, akaunyoosha kwa kidole.

"Mke wangu," Mshale aliwahi kabla hajaulizwa. "Alikuwa anafunga mizigo kwa nyuzi. Tulikuwa tunahamisha vitu."

"Sijakuuliza, baba."

Mshale alitamani mzee apige kelele, amtukane, aseme neno moja baya. Mtu anayekutukana unajua yuko wapi. Lakini Mzee Chaki aliketi tu, akavuta fomu, akachukua kalamu. Ikasogea mpaka kwenye kisanduku cha kwanza, uchakavu wa kawaida, ikasimama hewani kama kipanga aliyeona kifaranga na bado anafikiria.

"Nakutilia tiki," alisema. "Gurudumu bovu si la kumnyima mtu kazi. Ila baiskeli hii inakwenda na njia yake. Kesho nampa msoma mita mpya. Nimalizie na njia, asije akapotea. Uchochoro wa maseremala uliusoma?"

"Niliusoma."

"Lini?"

"Wiki iliyopita. Jumanne."

"Mwenyewe, kwa macho yako?"

"Mwenyewe, mzee. Kazi yangu unaijua."

"Naijua." Kalamu ikashuka kidogo. "Na ile nyumba ya mwisho, ya mama wa mashuka? Wageni huwa wanaikosa. Watu wapo?"

Hapo, wajukuu zangu, mtu mwenye akili angesema sikumkuta, akanyamaza. Lakini mwongo ni kama mpishi mwoga: akiona mchuzi umekubali, anaongeza chumvi. Tena Mshale alikuwa amekaa mwezi mzima anatamani yule mama awe mzima, na neno lilimtoka kwa hamu ya mtu anayejiombea.

"Yupo. Nilimkuta mlangoni, mzima kabisa. Tukasalimiana vizuri tu. Jua lilikuwa kali, akanipa maji ya kunywa."

"Alikupa maji."

"Kikombe kizima."

"Ya bomba?"

"Ya bomba, mzee. Alifungua mbele yangu. Ya baridi."

Moyo wake ukatulia. Alikaribia kuonja yale maji. Nje honi ikalia tena, mara mbili, na saa ya ukutani ilikuwa bado robo kufika sita.

Mzee Chaki akaiweka kalamu chini, mbali na fomu. Akasogeza daftari, akalifungua mahali palipowekwa alama ya kipande cha chaki. Mshale akauona mwandiko wake mwenyewe, umelala kwa mbio. Mia sita ishirini na mbili.

"Jana fundi bomba aliniletea kitu," mzee alisema. "Majirani walimwita. Kuna nyumba imefungwa, hakuna mtu, walitaka maji yakatwe yasije yakamwagika. Wanasema mwenyewe aliokotwa kwenye kona ya mbao, mwezi umeshapita. Yuko hapo hospitali kuu. Anapumua, lakini macho hajafumbua."

Akavuta kile kitambaa.

Hakikuwa chakula. Ilikuwa mita ya maji, ya shaba, bado ina udongo wa ukutani kwenye shingo zake mbili. Mzee akaishika kwa mikono yote miwili, akaigeuza taratibu, kama unavyomgeuza mgonjwa kitandani, mpaka kioo kikamwelekea Mshale.

"Kila mita inayoingia humu huwa naipitisha na daftari. Mazoea ya uzee. Lakini macho yangu yamechoka, na wewe ndiye msoma mita. Nisomee."

Mshale akageuza macho mlangoni.

"Nisomee, baba. Mjomba anasubiri."

"Sita," Mshale alisema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Moja." Kidole chake kilikuwa kimeshika ukingo wa meza, juu ya ule uzi. "Nane."

"Mia sita kumi na nane." Mzee Chaki akaitikia kwa kichwa, pole pole, kama mwalimu aliyepata jibu sahihi. "Tangu siku ile uliyoisoma, hapajapita hata tone. Sasa nieleze, mwanangu. Hayo maji ya baridi aliyokupa Jumanne, yalipita wapi?"