Picha ya Familia Inakula

Theophil alirudi kutoka ng'ambo na suruali mbili za bugaluu, kalamu kumi na mbili za wino na maneno ya kuwatosha wahubiri watatu. Miaka mitatu mizima alikuwa huko, anasomea kuchora picha za vitabu kwa gharama ya serikali. Ilikuwa mwaka sabini na nne. Chini ya dirisha letu, Mtaa wa Narung'ombe, watu walipanga foleni ya unga. Sisi wa chumba cha michoro, ofisi ya kuchapa vitabu, tulipangwa kwenye viti kumsikiliza yeye. Loo!

Siku ya kwanza alitupa historia ya picha za vitabuni. Alianza na watawa wa zamani waliopamba herufi kwa dhahabu, akaenda kwa Wafaransa waliochora juu ya mawe, halafu akawang'ang'ania Wajapani na vibao vyao vya mti robo saa nzima. Kila msanii na mwaka wake wa kufa. Nikanyoosha mkono.

"Ndugu Theophil, na mzee Mrisho wa Gerezani je?"

"Nani huyo, dada Candida?"

"Anayechora vichwa kwenye mabango ya vinyozi. Nusu ya wanaume wa mji huu wamenyolewa kwa kufuata mkono wake."

Akatabasamu vile daktari anavyomtabasamia mgonjwa asiyejua anaumwa nini. Akasema hiyo ni sanaa ya mtaani, si sanaa ya kitabu. Tangu siku hiyo nikamdharau, tena sikujificha.

Mimi sikwenda ng'ambo. Nilifundishwa na bruda mmoja wa misheni kule kwetu Masasi, mzee mkali aliyechonga picha za katekisimu kwenye vibao vya mninga. Nilipofika Dar nilichora vitabu tisa kwa miaka kumi na moja: cha karanga, cha malaria, cha choo bora, sijui cha nini. Fungua chochote, utakuta "Picha: Idara ya Michoro." Mkurugenzi wetu, ndugu Eliakimu, alisema kutaja jina la mtu mmoja ni ubinafsi, kazi ni ya wote. La kwake lilikuwepo kila mara, chini ya dibaji, kwa herufi nene.

Nisingejali, ila mama yangu. Mama Angelina, na miaka yake sitini, alikuwa ameanza kisomo cha watu wazima. Alimwomba mwalimu wake aniandikie: "Mama anasema akijua kusoma anataka kuliona jina lako kitabuni, maana watu hapa hawaamini kama kuna mwanamke anayelipwa mshahara kwa kuchora." Basi. Sikutaka cheo, sikutaka safari. Nilitaka mama alione jina langu.

Mwaka huo kikaja kitabu kipya cha kisomo cha kupelekwa mikoa ya kusini, na ndugu Eliakimu akatangaza kwamba safari hii mchoraji atatajwa. Picha ishirini na nne. Filamu za kupigia chapa picha kiwandani zilikuwa zimekwisha na fedha za kigeni hazipo, kwa hiyo ilibidi tuchonge vibao kama enzi za bruda. Mimi nikachonga ishirini na tatu. Theophil akapewa moja tu, ile kubwa ya ukurasa wa kwanza: familia inakula. Na ofisi nzima ilijua jina litakalotajwa ni la nani. Msomi bwana!

Alichonga siku tisa, ulimi nje. Karatasi ya majaribio ilipotoka mashineni, sote tulisimama kuitazama. Ilikuwa nzuri, sikatai. Baba, mama, watoto wawili, sinia la ugali katikati, mvuke unapanda. Na wote wanne wanamega tonge kwa mkono wa kushoto.

Kibao hugeuza. Ukichonga mkono wa kulia, karatasini unatoka wa kushoto. Ndiyo maana mtu huigeuza picha kwanza, ndipo achonge. Bruda alinichapa rula vidoleni kwa kosa hilo nikiwa na miaka kumi na minne. Na huyu bwana, na Wajapani wake wote, hakulijua! Mkono wa chooni, kwenye ugali, mbele ya wazee wa Masasi na Newala! Hakuna mwingine aliyeona. Ndugu Eliakimu alikuwa anausifia mvuke.

Theophil akanigeukia. "Dada Candida, hapa wewe ndiye unayejua vibao. Unaonaje?"

Aliniuliza. Hilo lazima niliseme. Aliniuliza mbele za watu, kwa adabu, na mimi nikalitazama lile bugaluu lake nikasema moyoni, leo utakiona cha moto.

"Safi sana," nikamjibu. "Pigeni chapa."

Zikapigwa nakala elfu nne. Wiki zile nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Nilikuwa nasubiri matusi yaje kutoka kusini, yakiwa na jina lake juu.

Asubuhi moja Theophil akaniletea nakala ya ofisi mezani, anacheka hadi ufizi unaonekana. "Fungua, dada."

Nikafungua. "Picha zimechorwa na Candida Chilumba."

"La kwako liko wapi?" nikauliza.

"Mimi nimechora moja, wewe ishirini na tatu. Nilimwambia mkurugenzi ni aibu kuandika jina langu. Tumebishana siku mbili, yule mzee ni mbishi!" Akatoka kwenda kupanga foleni ya sukari, anapiga mluzi.

Nilishuka ngazi mbio hadi ghalani, viatu mkononi. Lori la vitabu lilikuwa limeondoka alfajiri.

Mwezi uliofuata ikaja barua kutoka Masasi. Mwandiko haukuwa wa mwalimu. Zilikuwa herufi kubwa, zimelala huku na huku, kalamu imekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.

"MWANANGU CANDIDA. HII NAANDIKA MWENYEWE. NIMESOMA JINA LAKO. DARASA ZIMA LIMENICHEKA. WANAULIZA MAMA GANI ALIMFUNDISHA HUYU KULA. NIMEWAAMBIA SI WANGU, NI MAJINA TU YAMEFANANA. NISAMEHE."

Nililia pale pale, mbele ya kila mtu. Theophil akaichukua barua, akaisoma, akakifungua kitabu. Akautazama mkono wake wa kulia, akaitazama picha.

"Mungu wangu! Ni mimi! Nitamwandikia mama leo leo. Nitamwambia kosa ni langu peke yangu, wewe huhusiki."

"Usimwandikie hivyo," nikasema. "Niliona tangu karatasi ya majaribio."

Alikaa kwenye kiti changu. Chini, watu wa foleni walikuwa wanagombana na mwenye duka.

"Lakini nilikuuliza," akasema.

"Ndiyo. Uliniuliza."