Lodi Persivali Amebanwa

Usiku kucha jana niliota niko kazini, na jambo hilo liliniudhi sana, maana hata mchana kazi yenyewe naifanya kwa shingo upande. Napiga picha za pasipoti hapa Morogoro.

Mteja yuko ndani ya fremu ya dhahabu. Ni mtoto wa miaka mitano mwenye gauni la hariri, na mbwa amelala miguuni pake. Hatulii. Anajipindapinda tu.

"Binti, tulia," namwambia kwa mazoea.

"Mimi mvulana. Naitwa Lodi Persivali. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa gauni la nini?"

Mbwa anadakia. "Wavulana wa mabwana wakubwa Uingereza huvaa gauni mpaka wafikie umri wa suruali. Huyu hafiki, kwa sababu kwenye picha wameandika ana miaka mitano. Ameketi hapa tangu enzi za Malkia Viktoria."

"Na amebanwa na mkojo," fremu inasema. "Tangu siku ile ile."

Lo! Nikajisikia kubanwa mimi mwenyewe.

Namgeukia mchoraji wa picha hiyo, aliyesimama pembeni. Hana uso, ni masharubu tu yaliyoshika brashi. "Mwache mtoto ashuke!"

"Akishuka kabla sijasema tayari, anafutika."

"Na utasema lini?"

"Akitulia."

"Atatulia vipi na mkojo, wewe?"

Masharubu yanachovya brashi kwenye rangi ya mafuta. Ghafla tuko kwenye korido ya nyumba ninayopanga. Foleni ya choo imejaa wazee wa ukoo wake, kila mmoja na fremu yake, wamejipanga kwa vyeo.

"Watoto mwisho," anasema bibi mmoja mwenye lulu shingoni, bila hata kugeuka.

Persivali ameshashuka kwenye fremu, amenishika mkono. Natazama chini, kidole chake kidogo hakipo. Kinachofuata nacho kinapauka.

"Mjomba, siwezi tena."

Hapo nikapandwa na hasira. Mtoto wanampamba kama keki ya harusi, halafu choo wanamnyima! Nainua kamera yangu kwa woga, maana nikikosea ndiyo basi tena, hayupo. Nabonyeza.

"Tayari!" nasema. "Picha imekwisha. Kimbia, baba!"

"Huna kibali!" masharubu yanapiga kelele.

Mtoto ananitazama. "Kweli nimemaliza kukaa?"

"Kweli kabisa."

Anakunja gauni hadi kiunoni, anaruka dirishani.

Nikaamka. Cha kwanza nikapapasa godoro, mtu mzima na aibu yake. Kavu. Ila nje jirani yangu, Mama Siwema, alikuwa anafoka.

"Mtoto wa nani huyu kakojolea ukuta asubuhi asubuhi?"

Nikatoka. Chini ya dirisha langu ukuta umelowa, bado unachuruzika.

"Na mkojo gani huu," akasema, "unanuka rangi ya mafuta?"

Mama Siwema anajua fika kwamba sina mtoto.

"Ni wangu, mama," nikamwambia. "Msamehe. Alikuwa amejizuia muda mrefu sana."