Nyumba ya Kunong'ona

Mama Punje alikuwa katikati ya swali la saba la mazoezi ya mtihani wake alipoiona chumvi ikipita.

Ilipita juu ya meza ikiwa imeshikwa na mkono wa mumewe, ikapokelewa na mkono mdogo wa binti yao, bila neno lolote. Kabla ya hapo Punje alikuwa ameinua vidole viwili na kuvisugua pamoja. Hiyo ndiyo chumvi. Kidole shavuni ni maji ya kunywa, kiganja tumboni ni njaa. Kulikuwa na ishara ya "nimemaliza kazi ya shule" na nyingine ya "baba, umesahau kufunga mlango wa choo". Hakuna aliyekaa chini akazitunga. Zilijiotea zenyewe humo ndani, mwaka baada ya mwaka.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Nje watu waliuza, waligombana, walicheka. Ndani ya vyumba vyao viwili kulikuwa kimya kama maji mtungini. Naye alifurahi. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye, kwamba aliiona ile chumvi, akatabasamu, akasema moyoni kuwa amejaliwa familia yenye adabu, kisha akarudi kwenye swali lake.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa mwisho katika mlolongo mrefu. Kwa miaka tisa alikuwa akiifukuzia sifa ya uhasibu, ile ambayo mtu akiipata hutia sahihi yake chini ya hesabu za kampuni na watu wakaiamini. Kwenye kiwanda cha magodoro alikofanya kazi ya ukarani, hesabu za mwaka alizitengeneza yeye, kuanzia pamba hadi uzi, lakini sahihi ilitiwa na mwenye cheti. Alikwisha kuwafundisha kazi mabosi watatu. Wa tatu alimuuliza siku ya kwanza stepla iko wapi, na siku ya pili akatia sahihi kwenye kazi yake bila hata kuuliza swali.

Sasa limebaki somo moja, na katika somo hilo alikwisha kuanguka mara tatu. Bodi ilikuwa na kanuni yake: ukianguka mara ya nne, yote uliyofaulu huko nyuma yanafutwa, unaanza moja. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Alikuwa ametoa vingi. Macho yalimwuma, mgongo ulimwuma, marafiki waliacha kubisha hodi. Kwenye harusi ya mdogo wake alikaa chooni nusu saa akisoma karatasi alizozikunja ndani ya pochi, mpaka shangazi mmoja akaja kugonga akiuliza kama amekula kitu kibaya. Hayo aliyajua na alikuwa tayari kuyasimulia kwa kucheka. Alidhani gharama yote inamwangukia yeye.

Jumatatu shule ikapiga simu.

"Karibu, Mama. Keti," alisema mwalimu wa darasa la pili, mwanamke wa makamo aliyejaa vumbi la chaki mikononi. "Nisamehe kwa kukutoa kazini."

"Amefanya nini?"

"Hajafanya chochote. Hiyo ndiyo shida yenyewe." Mwalimu alifungua daftari la Punje, likawa limejaa vema nyekundu. "Anaandika vizuri, hesabu anazijua. Ila sauti hatuna. Nikimwita asome mbele ya wenzake, midomo inacheza, hakitoki kitu. Tumepima masikio, mazima. Koo, zima. Na muhula huu ukiisha kila mtoto atasoma kwa sauti mbele ya walimu. Asiyesoma hapandi darasa. Sheria si yangu."

"Nyumbani anaongea, Mwalimu."

"Kwa sauti?"

Mama Punje akafungua mdomo, akatafuta siku moja, siku yoyote. Hakuipata.

"Nikuulize kitu, na usinielewe vibaya," alisema mwalimu, sasa kwa upole. "Nyumbani kuna mgonjwa?"

"Mgonjwa?"

"Watoto wa nyumba zenye mgonjwa wa kitandani huwa hivi hivi. Anafunga mlango wa darasa kwa mikono miwili, polepole, ili bawaba zisilie. Kiti hakiburuti, anakibeba."

"Hapana, Mwalimu. Hakuna mgonjwa. Kuna mtihani."

Mwalimu alingoja, akidhani maelezo yanaendelea.

Mama Punje hakurudi kazini. Alimkuta mumewe uani, kalala chali nyuma ya friji la mteja, miguu tu ikionekana. Alikuwa fundi wa mafriji, na zamani, wakati wanachumbiana, mtu angejua yuko mtaa gani kwa mluzi wake.

"Ulikuwa unajua kama Punje hatoi sauti?" alimuuliza.

Miguu ilitulia. "Nilikuwa najua hasemi kwa nguvu. Kwani mimi nasema?"

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia lini, Mhasibu?" Alimwita hivyo tangu alipojiandikisha, miaka tisa iliyopita, bila kuisubiri bodi. "Kila nikitafuta siku ya kukwambia, nakuta una mtihani."

Hakusema kwa hasira. Angekuwa na hasira, yeye naye angepata la kujibu. Badala yake Mama Punje aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akalia kwa aibu, na hata kulia kwenyewe alilia kimyakimya, kwa mazoea.

"Basi naacha," alisema alipojifuta. "Kesho naandika barua, najitoa."

Mumewe alijisogeza akatoka, uso umejaa masizi. "Usithubutu. Mimi nilikuwa napiga mluzi, nikaacha. Yule mtoto kazaliwa wewe uko kwenye somo la tatu, hajui nyumba yenye kelele inafananaje. Ukiacha leo, tutakuwa tumenyamaza bure."

"Sasa nifanye nini?"

"Sijui, mke wangu. Mimi ni fundi wa mafriji. Friji likinyamaza najua limekufa. Hayo mengine sijui."

Kesho yake jioni Mama Punje aliibeba meza yake ya kusomea, akaitoa uani, karibu na lile friji. Akamwita binti yake, akampa karatasi ya maswali.

"Mwanangu, macho ya mama yamechoka. Nisomee tarakimu, mimi nitabonyeza kikokotoo."

Punje alimwangalia baba yake kwanza, kama anayeomba ruhusa ya kugusa kitu kinachovunjika. Kisha akaweka midomo kwenye sikio la mama yake, akanong'ona: nane, sifuri, tatu, tatu. Walimaliza swali moja hivyo. Swali la pili, mama akasogeza kiti nyuma hatua moja.

"Sijasikia."

Mtoto akamfuata.

"Baki hapo hapo, mama. Nisomee kutoka hapo."

Siku ya tatu kulikuwa na hatua nne kati yao, na mama alibonyeza alichodhani amesikia. Kampuni ya kwenye swali ikapata hasara kubwa kuliko viwanda vyote vya mjini vikiunganishwa. Alimwonyesha mtoto lile jibu, lenye sifuri kama shanga, wakacheka, Punje akiwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Baba, nyuma ya friji, akagonga bati kwa nyundo mara tatu ambazo kazi haikuzihitaji.

"Kampuni mama ina watoto wangapi?" aliuliza Punje siku moja, akisoma kichwa cha swali.

"Nini? Sema nisikie."

"Ina watoto wangapi!"

"Wawili. Mmoja anaingiza hasara."

Jirani, muuza mitumba, alichungulia juu ya ukuta. "Kumbe humu ndani mna watu!"

Ilikuwa kazi ya kijasho chembamba. Kwa muda ambao zamani angemaliza maswali kumi, sasa alimaliza manne. Sura nzima za kitabu zilibaki bila kuguswa, na alizijua moja moja kwa majina, na alijua pia ni ipi kati ya hizo bodi ingependa kumwulizia. Aliogopa sana. Kuna jioni alitamani kumwambia mtoto aingie ndani, atulie, leo tu. Aliuma ulimi, akasogeza kiti.

Siku ya mwisho kiti kiligota ukutani na Punje alisimama kwenye mlango wa jiko. Sauti yake haikuwa kubwa. Ilikuwa nyembamba na yenye mikwaruzo, ila ilifika.

Ukumbi wa mtihani ulikuwa na watu mia mbili na kimya cha kukata kwa kisu. Zamani angekipenda. Safari hii kilimbana. Alibonyeza tarakimu, akazisahau, akazibonyeza tena, mpaka msimamizi akaja akainama kando yake. "Mama, tafadhali. Unasoma kwa sauti." Aliomba radhi, akajikaza kisabuni, akaendelea na midomo imefungwa. Kengele ilimkuta katikati ya swali la mwisho. Mumewe alipomuuliza limekwendaje, alisema hajui, na ulikuwa ukweli mtupu.

Bodi iliahidi kutuma matokeo kwa simu siku ya kufunga shule. Asubuhi hiyo Mama Punje alikaa kwenye benchi refu nje ya darasa, pamoja na wazazi wengine, simu mkononi. Mlango ulikuwa umefungwa. Watoto waliingia mmoja mmoja. Wengine sauti zao zilisikika mpaka getini.

Punje alipita mbele yake bila kumwangalia, akaingia.

Simu ikatetemeka. Kwenye kioo lilitokea jina la bodi, na chini yake mstari uliokatika kabla ya neno la maana.

"Dada, simu yako," alisema muuguzi aliyekaa pembeni yake, bado yuko kwenye sare ya zamu.

"Naiona."

"Si ufungue?"

"Ngoja kwanza."

Ndani, mwalimu alitaja jina la mtoto. Baada ya hapo hakikusikika kitu. Kiti kilisogezwa. Mtu alikohoa. Kimya kikaendelea, na Mama Punje alikijua kimya kile, kilikuwa chake, alikilea mwenyewe. Aliigeuza simu, kioo kikatazama chini, akainuka, akaliweka sikio kwenye ubao wa mlango mbele ya wazazi wote.

Sauti ikatoka. Nyembamba, yenye mikwaruzo. Ilisoma mstari wa kwanza, ikajikwaa katika wa pili, ikakatika. Ukapita muda wa kuvuta pumzi. Halafu Punje akarudi mwanzo kabisa, akasoma upya, kwa nguvu zaidi.